Siku Niliyoipaka Bastola Mafuta ya Nazi

Kuna aibu ambazo mtu huzifukia akafa nazo, na hii yangu ningeifukia zamani lau ingekuwa yangu peke yangu, lakini walioiona ni wengi na mmoja wao ni Kioko, na Kioko hana kifua cha kuweka mambo. Kwa hivyo wacha niisimulie mwenyewe, maana nimeshaisikia ikisimuliwa harusini na mtu ambaye hakuwepo, na katika masimulizi yake eti mimi niliipiga risasi dari. Dari ile sikuigusa. Nililolifanya lilikuwa baya kwa namna nyengine, na mpaka leo nikilikumbuka masikio yananiwaka moto, ingawa (na hili Rukia hulishangaa) hucheka pia, na kuna siku naitamani miaka ile.

Mimi ni mtu wa Mombasa, Kibokoni, mwana wa fundi cherehani. Wakati huo tulikuwa tukiishi Marekani, mji mdogo wa Hopkins kando ya Minneapolis, kwenye zile fleti za zamani za matofali ambazo mwenye nyumba ndiye anayeamua joto, naye alikuwa akilifungulia mpaka Januari tunakaa na fulana, madirisha wazi kidogo na theluji nje imefika magotini. Tulikuwa mimi, mke wangu Rukia na binti yetu Salma, aliyekuwa darasa la tatu. Mimi nilikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja kule mji wa Savage, chini karibu na mto, pamoja na huyo Kioko. Kioko ni Mkamba wa Machakos, mrefu, mpole, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, na ndiye aliyekuwa na gari, kwa hivyo kila jioni alikuwa akinipitia, tunaenda pamoja, na asubuhi tunarudi pamoja tukiwa na macho mekundu. Ukikaa na mtu ndani ya gari namna hiyo majira yote ya mwaka, unajua mpaka anavyokohoa akitaka kusema jambo zito.

Sasa, meneja wetu akatwambia kwamba mwenye ghala anataka walinzi wawili wa mchana, lakini wenye silaha, na nafasi hizo watapewa kwanza watu wa ndani iwapo watafaulu mtihani wa shabaha, kila mtu na bastola yake mwenyewe, ile ile atakayokuja nayo kazini. Kwa mtu asiyewahi kufanya kazi ya usiku hili litaonekana jambo dogo. Mimi Salma nilikuwa nikimwona amelala. Nikirudi anakaribia kwenda shule, nikiamka ndio kwanza anarudi, mimi nami ndio navaa buti. Alikuwa ameanza kunisahihisha Kiingereza changu kwa vikaratasi anavyobandika mlangoni mwa friji, hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu. Kioko naye mkewe, Mwende, alikuwa ametoka kujifungua, na Mwende ni nesi, zamu zake na za mumewe zilikuwa zinapishana hivi kwamba mtoto alikuwa anakabidhiwa mlangoni kama kifurushi. Mchana tuliutaka sana, wote wawili.

Nikanunua bastola. Nilinunua ya bei ya chini kabisa iliyokuwemo dukani, mpya, nyeusi, nzito kama jiwe la kusagia, na muuzaji, mzee mmoja Mzungu mwenye adabu nyingi, aliniambia kwa mtu anayeanza inatosha. Kioko alikuwa na yake tayari, aliyoinunua kwa mtu, kuukuu kidogo lakini ya kutegemewa, na nataka mlishike hili mapema: bastola ya Kioko haikuwa na tatizo lolote. Ilikuwa nzima mpaka siku iliyokutana na mimi.

Yangu ilianza matata siku ya kwanza tulipokwenda kujaribu kwenye uwanja wa shabaha. Kwa asiyejua, risasi hupangwa ndani ya magazini, kikasha chembamba kinachoingia kwenye mpini, na ndani yake mna springi inayozisukuma juu. Ukifyatua moja, kile chuma cha juu kinarudi nyuma, kinatema ganda, kisha kikirudi mbele kinaisukuma risasi nyengine iingie kwenye mtutu. Ndivyo inavyotakiwa. Yangu ilikuwa inafyatua ya kwanza vizuri, ya pili inainamisha pua na kukwama mlangoni, kama mtoto anayeburutwa kwenda kung'olewa jino, nami nasimama pale nikivuta na kutikisa huku watu wa pembeni wanaendelea kupiga pa pa pa bila wasiwasi.

Bastola ikiwa haimezi risasi, kila mtu ana dawa. Kioko alisema ni kiwiko na kifundo cha mkono, kwamba nimeilegeza, na bastola ikishikwa kilegevu chuma kinakosa nguvu ya kurudi. Nikakaza mkono mpaka bega likauma. Yule mzee wa dukani akasema nibadilishe risasi, niache zile za ncha bapa nitumie za ncha ya mviringo zinazoteleza. Nikabadilisha. Jamaa mmoja pale uwanjani akasema springi ya magazini mpya huwa ngumu, niijaze risasi niiache kwa siku kadhaa ilegee. Nikaiacha. Kila dawa ilisaidia kidogo, yaani badala ya kukwama kila risasi ya pili, ikawa inakwama pale inapojisikia, na hilo kwangu lilikuwa baya zaidi, maana mwanzo nilikuwa najua lini niaibike.

Dawa ya mwisho ndiyo iliyonimaliza. Mzee wa dukani alinieleza kwamba hizi bastola za bei ndogo hutoka kiwandani zimepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu, na mtu inampasa aifungue, aioshe grisi yote, halafu atie mafuta kidogo mahali panaposuguana. Ushauri mzuri. Nikangoja Jumapili mchana, siku moja kabla ya mtihani (mimi ndivyo nilivyo), nikatandaza gazeti mezani, nikaifungua, nikaisugua kwa mswaki mzee mpaka ikang'aa. Ndipo nikakumbuka kwamba mafuta yenyewe sikununua.

Nje theluji inamwagika, gari analo Kioko yuko kanisani, basi la Jumapili mnalijua, halina saa. Nikasimama katikati ya chumba nikitazama huku na huku, nikaingia bafuni, na pale dirishani juu ya bomba la joto ikawa inanitazama chupa ya Rukia ya mafuta ya nazi. Sio haya ya dukani. Haya aliyakamua mamake mwenyewe Mombasa, akayatia kwenye chupa, akaifunga kwa leso na kumpa mtu aliyekuwa anasafiri, na Rukia alikuwa akijipaka nyweleni kwa kipimo, siku za shughuli tu.

Wallahi sikuona ubaya, na niwaambie kwa nini. Baba yangu alikuwa na duka lake la ushoni, chumba kimoja na baraza, cherehani mbili nyeusi za miguu zenye maua ya dhahabu yaliyokwisha kufutika. Mafuta ya mashine yakimwishia, na yalikuwa yakimwishia kila mara, alikuwa akinituma jikoni kwa mama nikamletee mafuta ya nazi kwenye kisahani, anachukua unyoya wa kuku, anachovya, anatia tone hapa, tone pale, anazungusha gurudumu kwa kiganja, na ile mashine iliyokuwa ikilia inaanza kunguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mimi nakaa chini kwenye vipande vya vitambaa naisikiliza. Alikuwa anajua kwa sikio tu pale meno yanayosukuma kitambaa yanapokosea hatua. Basi nikiwa nimeishika ile chupa Hopkins, nikajiambia, chuma ni chuma, kama yalimfaa baba yatanifaa mimi. Huo ndio uamuzi wenyewe. Ulikuwa mdogo sana. Kila kitu kilichofuata kimetoka humo.

Nikapaka. Na nilipaka kama anayempaka bibi harusi, kila pembe, chuma cha juu ndani na nje, mtutu, na kwa kuwa shida ilikuwa ni risasi kukwama, nikayamimina pia ndani ya magazini, springi ikaoga, na risasi zenyewe nikazipangusa moja moja kwa kitambaa chenye mafuta. Nikairudisha pamoja, nikatia zile risasi bandia za plastiki za kufanyia mazoezi, nikavuta kwa mkono. Ikameza. Nikavuta tena, ikameza, zote, laini, bila kusita hata mara moja. Salma alitoka chumbani akinusa, akaniuliza kwa Kiingereza chake kama tunapika kashata. Nikamwambia akamalize kazi ya shule.

Ningekomea hapo ningeaibika peke yangu. Lakini mtu aliyefaulu jambo hataki kunyamaza, nikampigia Kioko kumweleza kwamba nimeshaimaliza shida, na kama anataka ailete na yake niitazame kabla ya kesho. Akasema yake haina neno. Nikamwambia, "Kioko, niachie mimi. Mimi ni mwana wa fundi." Akaja kweli, ametoka ibadani na suti yake, Rukia akamtilia chai ya tangawizi na mahamri, akakaa kwenye kiti akinitazama nikiifungua bastola yake, na (hapa ndipo ninapojicheka mpaka leo) nilimsomea somo zima la kutunza vyuma, mtu ambaye alikuwa amemiliki silaha kabla yangu. Mafuta nilishayamimina kwenye kikombe, chupa nimeirudisha bafuni. Hakuuliza ni mafuta gani, na mimi sikuona haja ya kusema. Alipoivuta ikateleza akatikisa kichwa kwa heshima. Akasema, "Wewe ni fundi kweli." Halafu, ili asubuhi tusisahau, akazitia zote mbili kwenye kisanduku chake cha kufuli, akakifungia kwenye buti ya gari, akaenda zake.

Usiku ule ukashuka ule ubaridi wa Minnesota ambao ukivuta pumzi pua inagandana kwa ndani. Sote tulikuwa na mapumziko ya kazi, mimi niko kitandani nimejifunika shuka moja kwa joto la yule mwenye nyumba, na bastola mbili ziko nje ndani ya buti ya gari, zimejaa mafuta ya nazi.

Najua mmeshafahamu. Mimi ndiye niliyekuwa sijafahamu, na la kuuma zaidi ni kwamba kwetu Mombasa penyewe, mwezi wa saba pakipoa kidogo, chupa ya mama ilikuwa ikiganda, ikawa nyeupe kama mshumaa, na kazi ya kuipeleka juani ilikuwa yangu mimi. Mwezi wa saba wa Mombasa, ambao hapa ni hali ya hewa ya kuogelea. Niliijua ile habari tangu utotoni, nimeishika kwa mikono yangu, na siku niliyoihitaji haikunijia kabisa.

Asubuhi tukaenda mji wa Anoka, huko juu kabisa kaskazini, jengo refu lisilo na madirisha nyuma ya barabara kuu. Kioko alikuwa akiimba njia nzima. Tulikuwa watu kumi hivi kutoka makampuni mbalimbali ya ulinzi, na mkufunzi alikuwa mama wa Kizungu wa makamo, nywele fupi nyeupe, polisi mstaafu, jina lake Darlene, mtu ambaye hapandishi sauti. Kabla ya yote alitueleza kanuni, na iliyo kubwa aliirudia: mdomo wa bastola unatazama mbele kwenye shabaha wakati wote, lolote likitokea, hata moto ukiwaka, hugeuki nayo mkononi. Ukigeuka, siku yako imekwisha. Sote tukaitikia.

Tukasimama kila mmoja kwenye kijichumba chake, Kioko kushoto kwangu, ukuta mwembamba katikati. Niliposhika bastola niliiona ngumu kuvuta, nikasema ni baridi, itapata moto. Nikafyatua ya kwanza. Ilikwenda, tena ikapiga karibu na katikati. Na pamoja na ule moshi ikaja harufu. Baruti, halafu nyuma ya baruti, jikoni kwa mama siku ya maulidi, wali wa nazi umepaliliwa makaa juu. Sikutarajia, na nakiri kwa nukta moja nilisahau niko wapi, nikawa nimesimama kwenye mlango wa jikoni Kibokoni nimeambiwa nisiingie na viatu.

Ya pili haikutoka. Chuma kimerudi mbele nusu kikakwama hapo kama droo ya kabati. Nikavuta, nikatoa, nikatia tena. Ikakwama. Darlene akaja nyuma yangu, akanisemesha kwa upole, nikaze mkono. Nikakaza. Akanipa risasi zake. Zikakwama. Akaniambia nitikise magazini, nikaitikisa, na risasi zikasikika zinachezacheza ndani kama njugu kwenye kopo, springi haizisukumi tena, imelala. Alisema hajawahi kuona springi mpya iliyochoka namna ile. Jasho lilikuwa linaniteremka mgongoni, nami bado nasema moyoni ni bastola rahisi, ni bahati yangu tu.

Ndipo nikasikia kimya upande wa Kioko.

Kioko anapiga kwa mpango, kama anavyoimba, pa, anapumua, pa. Nilikuwa nikimsikia, halafu nikawa simsikii, halafu nikasikia chuma kinavutwa, kinavutwa tena, na sauti yake ya chini ikisema kitu kwa Kikamba. Bastola ambayo haijawahi kukwama. Hapo ndipo chupa ya mama ilinijia, nyeupe kama mshumaa, dirishani, mwezi wa saba. Nikafahamu kila kitu kwa mara moja, na jambo nililoliona la dharura kuliko yote duniani lilikuwa ni kumwambia Kioko aache kuivuta asije akaiharibu. Nikageuka. Nikageuka mwili mzima, na bastola mkononi, nikamwita kwa jina.

Sikumaliza kumwita. Mkono wa Darlene ulishanishika kifundo, mkavu, wenye nguvu ambazo hukuzitegemea, ukaurudisha mkono wangu mbele kama anavyorudishwa mtoto barabarani. Hakupiga kelele. Alisema tu kwa watu wote kwamba wasimame, wateremshe silaha, warudi nyuma ya mstari mwekundu, na taa ikawaka, na mlio wote ukakatika. Watu wote wakaniangalia mimi. Mmoja alikuwa amechuchumaa sakafuni, mtu mzima mwenye ndevu, anajiinua polepole akijipangusa magoti. Watu wa Minnesota hawakutukani usoni, wanakutazama kwa huruma, na huruma ile ni afadhali mtu akuzabe kofi.

Darlene alizipeleka bastola zote mbili kwenye meza ya nyuma, akazifungua mbele yetu, maana alitaka kujua kama kuna hatari. Ndani mlikuwa meupe. Sio kidogo, kila upenyo umejaa, kama samli iliyoganda kwenye sufuria. Akachukua kidogo kwa ncha ya kidole, akanusa, akanitazama, akanusa tena. Yule mwenye ndevu akasema kwa adabu kubwa kwamba inanukia kama keki za bibi yake. Darlene akaniuliza hiki ni nini. Kiingereza changu chote kilinikimbia, nikabakia kuonyesha kichwa changu na kujifanya nachana nywele.

Kioko alikuwa amesimama pembeni yangu, mikono mifukoni. Akakohoa, kule kukohoa kwake ninakokujua.

"Twalib," akasema. "Hii mafuta ilitoka wapi?"

"Kwa Rukia."

"Kwa Rukia wapi?"

"Bafuni."

"Umenipakia bunduki mafuta ya nywele," akasema, si kwa hasira, alisema kama mtu anayejisomea kitu apate kukiamini.

Darlene akaniambia kwamba mimi kwa leo nimekwisha, kanuni ni kanuni, nirudi majira ya kuchipua mtihani utakapofanywa tena. Alisema kwa upole mpaka nikamshukuru. Kuhusu Kioko alisema yeye hakukosa lolote, akampeleka kwenye karakana ndogo ya pembeni, wakaanza kuyeyusha na kusugua yale mafuta, ili apige mwisho baada ya wengine wote. Mimi nikatolewa nikakae sebuleni mbele, chini ya kichwa cha paa kilichokaushwa, nikangoja huko na buti zangu zimeacha dimbwi la theluji chini ya kiti. Kila aliyemaliza alipitia pale. Mmoja aliniletea kahawa. Yule mwenye ndevu akanipa biskuti akaniambia kwamba hata yeye mwaka wake wa kwanza alifanya mambo, ingawa hakuyataja ni mambo gani, na sidhani kama yapo.

Niwaambieni ukweli, mle sebuleni sikuwa nikiwaza habari ya kuchekwa. Nilikuwa nikimuwaza Mwende na yule mtoto anayekabidhiwa mlangoni. Yangu nilijiharibia mwenyewe, lakini Kioko asubuhi ile alikuwa na bastola nzima na mkono mzuri, na kama akikosa ile nafasi ni kwa sababu alikuja kwangu kunywa chai. Nilisikiliza ukuta. Ilikuwa kimya muda mrefu. Halafu nikasikia pa, akapumua, pa, na sikuthubutu kunyanyuka mpaka zikaisha.

Alitoka na kisanduku mkononi, uso hausomeki. Tukaingia garini. Tumeshuka na barabara ya mto mpaka tumekaribia Minneapolis hajaimba hata wimbo mmoja, nami sikuuliza. Kwenye taa nyekundu ndipo alipokohoa.

"Nimepita," akasema. "Na kama singepita, Twalib, ningekupeleka nyumbani vile vile, lakini ungeketi nyuma."

Halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka taa ikawa kijani na gari la nyuma likapiga honi, na mimi nikacheka naye, na machozi yangu mimi hayakuwa ya kicheko yote.

Habari ilifika Hopkins kabla yetu, maana Kioko alishampigia Mwende kutoka huko huko, na Mwende akampigia Rukia kumpa pole asiyoifahamu. Nilipoingia nilimkuta amesimama na ile chupa anaitazama mwangani, imeshuka chini ya nusu. Tangu jana yake alikuwa akimshuku Salma. "Mafuta ya mamangu, Baba Salma," akasema. "Mimi mwenyewe najipaka kwa kidole." Salma ndiye aliyeniokoa, aliuliza kwa Kiingereza kama shabaha ilinukia vizuri ilipopigwa, na Rukia akageukia ukutani asionekane anacheka. Lakini mafuta ya kweli ya bastola alininunulia yeye, akaniwekea sahanini kama chakula cha jioni.

Kioko akahamia mchana, na mwenzake akawa mtu mwengine. Mimi nikabaki usiku mpaka theluji ilipoyeyuka. Na sasa nisikilizeni, kwa sababu hiki ndicho ninachokikosa. Asubuhi, ninapomaliza zamu, Kioko ndiye aliyekuwa akija kunipokea. Alikuwa anafika mapema bila ya kutakiwa. Tunakaa kwenye kile kibanda cha mlinzi, hita moja miguuni, mto uko pale mbele umeganda na maghala ya nafaka yanatoa mvuke, anafungua chupa ya chai aliyoitengeneza mwenyewe (majani mengi, sukari nyingi, Kikamba kabisa), ananieleza mtoto ameota jino, mtoto ameshika kijiko, na mimi namweleza usiku ulivyokwenda, ambao haukuwa na lolote, lakini alikuwa ananisikiliza. Kisha ananipa funguo za gari lake nirudi nyumbani nalo nikalale, jioni nimfuate. Hakuna aliyemlazimisha. Nilikuwa nimemharibia silaha yake na karibu nimharibie riziki, naye alikuwa ananipa gari.

Majira ya kuchipua nikarudi Anoka. Darlene alinikumbuka, na nani angenisahau. Aliishika ile bastola yangu, akaipekua, akaitazama magazini kwa muda, akaniambia midomo yake ya juu, pale risasi inapotokea, ilikuwa imebana kuliko inavyotakiwa tangu kiwandani. Ndiyo iliyokuwa shida yenyewe, tangu siku ya kwanza. Si mkono wangu, si risasi, si grisi. Kiwanda kilinibadilishia bila maneno, na tangu hapo bastola ile ya bei ya chini inameza kila inacholishwa. Nikapita mtihani, nikapata mchana kwenye ghala jengine, nikaanza kumsaidia Salma hesabu jioni, naye akaanza kunijibu Kiswahili mara moja moja, cha kubahatisha.

Kioko na Mwende walihamia Texas miaka kadhaa iliyopita, Mwende alipata kazi nzuri huko, na mtoto yule sasa anacheza mpira na ana miguu mirefu kama babake. Hopkins tumehama pia. Nikipita kule mtaani nikayaona madirisha yale yamefunguliwa katikati ya Januari, huwa napunguza mwendo kidogo.

Watu wananiuliza nimejifunza nini, kana kwamba jambo kama lile halijieleweshi. Nimejifunza kwamba mtu asiyejua akikiharibu chake, hiyo ni bahati mbaya. Akikiharibu cha mwenzake baada ya kumtolea hotuba, hiyo ni aibu yenye umri mrefu. Nimekula yamini: silaha ya mtu siigusi, gari la mtu siligusi, hata saa ya ukutani ya jirani ikisimama, namwambia sijui, twende tukamuulize anayejua, na twende pamoja nikusindikize. Huko kusindikiza ndiko ninakokuweza. Rukia anasema ningekuwa nimeanza na hilo tungekuwa na mafuta mpaka leo.